Petroli Yangu Haikuwa na Mafuta ya Taa

Siku ile ya soko pale Newala naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yameanza kupanda mpaka huku kwetu, nami nilikuwa nauza petroli kwa madumu. Petroli ile ndiyo iliyowalisha watoto wangu.

Akaja Fundi Hamisi na plagi za injini mkononi, nyeusi tii. Alizitoa kwenye pikapu iliyozimika njiani ikipeleka maji Kitangari, moshi mweusi umetanda. Akazinyanyua juu.

"Oneni wenyewe! Mama Somoe anatuchanganyia mafuta ya taa!"

Hakuniuliza. Hata kunusa dumu hakunusa, na pua anayo! Kufika jioni sikuwa na mteja, na wanawake waliokuwa wakiniita dada walipita upande wa pili wa njia.

Sasa nisikilize, wewe unayeshika spana. Kabla ya siku ile, kompyuta ya pikapu ilikuwa imekufa. Hamisi akafunga nyingine iliyonunuliwa Dar, si ya gari lile, pamoja na sensa yake ya kwenye ekzosi. Sensa hiyo hupima moshi, ndipo kompyuta ijue iongeze petroli au ipunguze. Ethi ya kompyuta, yaani waya wa kurudishia umeme, aliifunga kwenye injini. Ethi ya sensa akaibana huko nyuma kwenye bodi, juu ya rangi, eti ndiko waya ulikofika. "Ethi ni ethi," ndivyo alivyozoea kusema. Si kweli! Taa na feni zikiwaka, umeme wa sehemu hizo mbili haulingani. Kompyuta inadanganyika kwamba petroli ni kidogo, inazidi kumwaga. Plagi zitaachaje kuwa nyeusi?

Nimeyajuaje? Aliniambia mwenyewe. Alipouhamisha waya ule ukakaa pamoja na wa kompyuta, gari lilitulia, kwa petroli yangu ileile. Akaja nyumbani kwangu kwa kunyata, na doti ya khanga kwapani.

"Mama Somoe, nilikosea. Tuyamalize hapahapa, basi."

"Ulinitukania wapi?"

Akazisukuma khanga mbele yangu.

"Nakuuliza, Hamisi, ulinitukania wapi?"

"Sokoni."

"Basi chukua khanga zako, twende sokoni ukaseme."

Hakwenda. Aliogopa wateja wake watamcheka. Wangu walikuwa wameshakwisha. Nikauza madumu, nikarudi kwenye mikorosho, na hasira ile sijaimaliza wala sitaki mtu anihimize kuimaliza.

Mwanangu, waya wa sensa ufunge palepale penye ethi ya kompyuta, na rangi uikwangue mpaka chuma king'ae. Kabla hujamtaja mtu, ikague kwanza kazi yako. Na ukimkosea mtu mbele ya watu, kamtake radhi mbele ya watu walewale, hata kama watakucheka. Mungu aibariki mikono yako, akujaalie riziki ambayo hukumchafua mtu ili uipate. Amina.