Majina Kumi na Moja Yaliyorukwa

Mume wangu Habibu ana duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Nachingwea. Kuandika programu za kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwa ubishi tu. Mwaka jana kituo kimoja cha misheni kilimwomba programu ya kupanga wagonjwa wa mtoto wa jicho, maana madaktari wa macho wangekaa siku tatu tu, na kurudi kwao ni mpaka mwaka mwingine. Akaitengeneza, tukajidai mtaa mzima.

Siku ya tatu, saa nane mchana, muuguzi Teodosia akapiga simu. Ndiye aliyezunguka vijijini akiandika majina kwenye simu yake.

"Habibu, watu kumi na mmoja wana kadi nilizowapa, lakini kwenye orodha yako hawamo. Dirishani hapa kituoni wanaambiwa warudi nyumbani."

Habibu akafungua faili la majina lililotoka kwenye simu ya Teodosia. Mama Mwamini Nang'oto wa Kilimarondo alikuwa ameandikwa Nangâ€™oto. Wote kumi na mmoja walikuwa na ng' kwenye majina yao, na yote yalikuwa yameharibika vilevile. Akamlaumu Teodosia, akalaumu simu, akalaumu umeme, na mimi niliyekaa karibu nikapata fungu langu. Kisha akavifuta vile vidudu kwa mkono. Jina likawa Nangoto, halilingani na kadi, dirishani wakalikataa. Nilitamani kuitupa ile kompyuta barabarani.

Ilipita saa nzima ndipo akaelewa. Kompyuta haijui herufi, inatunza namba tu, na namba husomwa kwa jedwali. Simu ya Teodosia iliandika ile alama ya juu ya ng' kwa umbo lililopinda, kwa jedwali la UTF-8, ambamo inachukua namba tatu. Programu ya Habibu ilisoma kwa jedwali la zamani, kila namba herufi yake, ndiyo maana alama moja ikazaa vidudu vitatu. Teodosia wa watu hakuwa na kosa lolote. Habibu akabadilisha mstari mmoja, majina yakatoka safi.

"Sasa mbona programu haikukuonya?" nikamwuliza.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta, nikasoma mwenyewe. Alikuwa ameiamuru iruke kimyakimya kila jina lenye alama isiyoijua, ili siku ya kuionyesha kwa mganga mkuu wa kituo pasitokee maandishi mekundu. Nilikasirika.

Kumi waliwahi kupasuliwa. Mama Mwamini alikuwa ameshapanda gari la kurudi kwao.

Asubuhi yake tukaenda Kilimarondo kwa pikipiki. Tulimkuta akimenya mihogo kwa kupapasa. Habibu akaanza habari zake za namba na majedwali. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani wameona nimeshazeeka, bora wapewe wengine," akasema. "Wala sikuwalaumu." Akaweka kisu chini. "Kwa hiyo, hiyo mashine jina langu ililiona?"

"Ililiona, mama."

"Ikaniacha yenyewe?"

Habibu akavua kofia.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyeiambia ikuache."