Ikisiri ya Rahila na Wapongezaji wa Nguvumali

Wanafunzi wa uzamili waliokutana kila Jumamosi nyumbani kwa Ernesti, Nguvumali, walidai kwamba wanakutana kusomeana na kukosoana. Kusomeana, walisomeana. Ama kukosoana, hakuna aliyekuwa na hamu nako. Pongezi pale zilitolewa kama mchango wa harusi: leo nakutunza wewe, kesho unanitunza mimi, na asiyerudisha husemwa mpaka ajute kuzaliwa. Mtu angesoma ukurasa mzima wa maji matupu, wenzake wakatikisa vichwa, "Umetisha, mwalimu," naye akaketi kwa madaha kama aliyekwisha kuvishwa joho.

Rahila, mwalimu wa sekondari anayeishi Mabawa, mtoto wa Wapemba waliohamia Pangani, alifika na ikisiri ya tasnifu yake. Msimamizi alikuwa ameirudisha na swali pembeni: Umegundua nini? Jumatatu angeipeleka tena. Ikirudi mara hii, hapati tarehe ya kutetea, na ruhusa yake ya masomo ilikuwa ukingoni.

Alikuwa amechunguza kwa nini wanawake wanaolima mwani hawaendi kwenye warsha zinazoandaliwa kwa ajili yao. Akasoma aya ya kwanza, iliyojaa nadharia ambazo kundi lilimshauri azitie. Wenzake wakasinzia kwa heshima. Kisha akafika sentensi ya mwisho ya ikisiri:

"Wakulima hawakuhudhuria kwa sababu warsha ziliwekwa siku za bamvua, maji yalipokuwa yamekupwa nao wako baharini wakivuna, na wengi waliohudhuria hawana hata kamba moja ya mwani."

Usingizi ukawatoka. Mwezeshaji wa warsha hizo, miaka yote, alikuwa Ernesti, mwenye nyumba. Huyu ni mtu aliyetamka "kuwawezesha wanawake wa pwani" mara nyingi kuliko alivyopata kulowa miguu. Baba yake alikata mkonge. Yeye, tangu apate cheti, hataki kuona jani lolote lenye mwiba.

"Umetisha, dada," akasema. "Ila hiyo ya mwisho iondoe. Ina harufu ya umbea."

"Umbea? Nimewauliza wenyewe."

"Ndiyo hivyo, umewauliza watu wenye hasira. Weka: mwitikio ulikuwa wa wastani kutokana na changamoto mbalimbali."

"Changamoto zipi?"

"Mbalimbali."

Precious, mwanafunzi mwenzao aliyekuwa akisubiri zamu yake, akadakia, "Kubali tu, shoga yangu. Inasikika kisomi."

"Mwalimu Ernesti," Rahila akasema, "siku za bamvua hukuzijua?"

"Ratiba ilitoka juu."

"Na bahari ilipewa nakala?"

Precious akaangua kicheko, kisha akakumbuka kwamba bado hajasifiwa, akakimeza.

Ernesti akavuta kiti karibu. Sauti yake ikawa ya mtu anayedai chake. "Rahila. Sura yako ya kwanza ilikuwa mbovu, na hapa nani aliisifu?"

"Wewe."

"Basi. Tasnifu yangu mimi inasema warsha zilifanikiwa. Unataka kunichoma?"

"Kumbe uliona ni mbovu, ukanisifu?"

"Nilikuheshimu!"

Rahila akachukua kalamu. Wenzake wakapumua, wakadhani anaifuta ile sentensi. Akaikata aya ya kwanza yote, nadharia moja baada ya nyingine, na ile sentensi ya mwisho akaipandisha juu kabisa. Akasoma upya, polepole, kama anayesomea watu wazima.

"Haya, nikosoeni. Kama kuna uongo, niambieni ulipo."

Watu wenye shahada, wanaojiita watafiti, wakaanza kupanga upya karatasi zao. Ernesti akauliza kama chai imekwisha.

Jumatatu msimamizi aliisoma, na chini yake akaandika tarehe ya kutetea. Rahila akaituma habari hiyo kwenye kundi lao la simu. Lile ni kundi ambalo mtu akipiga chafya hupongezwa. Siku hiyo lilikaa kimya mpaka magharibi, likazinduka kumpongeza Ernesti kwa picha yake mpya.

Kisha ukamfikia Rahila ujumbe wa pembeni, kutoka kwa Precious: "Shoga, naomba unisomee yangu. Usinisifu."