Windo ya Kiswahili

Katika kata nzima ya Somanda hapakuwa na mtu mwenye maoni mengi juu ya windo mpya za kompyuta kuliko Hilali Jumbe, wala hapakuwa na mtu aliyeziogopa kumshinda. Duka lake la steshenari liko barabara ya kwendea hospitali. Anachapa barua, anapiga picha za pasipoti, anatengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kwa miaka mingi alifanya hayo yote kwa kompyuta moja yenye windo ya zamani, ambayo mafundi wakiiona walishusha sauti kama watu waliopita karibu na msiba.

Akishauriwa apige windo mpya, Hilali alikuwa na hotuba tayari. Windo mpya zinakula bando. Zinajizima zenyewe mteja akiwa amesimama. Zinahamisha vitu bila kumuuliza mwenye mashine. "Hii ya zamani naijua, na yenyewe inanijua," alimalizia, na wateja wakaondoka wakiamini wameongea na mtaalamu.

Ukweli anausema mwenyewe siku hizi, tena kwa sauti: Kiingereza alikuwa hajui. Kompyuta aliijua kwa mazoea tu, kama mtu anavyoipapasa swichi ya chumbani kwake gizani. Kitufe cha kushoto ni ndiyo, cha kulia ni hapana, alama ya kosa kule juu ni kukimbia. Angehamishiwa kitufe kimoja tu, utaalamu wote ungeishia hapo.

Kwa hiyo alijificha nyuma ya Kiswahili. Baba yake alitoka Pangani, jambo ambalo Hilali hakuchoka kulitaja, ingawa yeye alizaliwa Bariadi na bahari aliiona kwenye kalenda. Kazi ya mteja haikutoka dukani bila kusahihishwa. Familia moja ilileta maneno ya kadi, "ng'ombe zimepokelewa", akawachapia "ng'ombe wamepokelewa", na wazee wakalalamika kwamba mifugo yao imeonekana kama wajumbe wa kamati. Hilali akawaambia hiyo ndiyo sarufi. Kisha akaongeza majivuno yake ya kila siku: laiti kompyuta ingesema Kiswahili, Simiyu nzima isingekuwa na wa kumshinda.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Fomu za maombi za mtandaoni ziligoma kabisa kufunguka kwenye windo yake, wateja wakaanza kupitiliza, akalazimika kumwita Gilbert, fundi wa kompyuta. Gilbert akaikagua mashine, akacheka.

"Kaka Hilali, una bahati. Siku hizi windo ya Kiswahili ipo. Nakuwekea hiyo."

Hilali angekataaje, na maneno ni yake?

Asubuhi ya siku hiyohiyo alikuwa amekuja mama mmoja wa Sapiwi, Ng'washi, mjane wa Mayunga. Jumamosi walikuwa wanasimika msalaba kaburini, na alitaka picha kubwa ya mumewe ya kuweka mezani wakati wa ibada. Mayunga alipigwa picha mara moja tu maishani, humohumo dukani, ya kitambulisho cha chama cha wakulima wa pamba. Kitambulisho kilipotea na mafuriko. Picha ilibaki ndani ya kompyuta. Hilali alipoifungua, mama aliitazama kwa muda, akaligusa shavu la mumewe kwa kidole.

"Njoo Ijumaa, mayu," Hilali akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nitakutolea kubwa kama dirisha."

Gilbert alifanya hatua za mwanzo, kisha akaitwa kwa mteja mwingine. "Itakuuliza kuhusu faili zako," alisema akiwa mlangoni. "Usibonyeze bila kusoma. Si Kiswahili chenu hicho?"

Swali likaja. Faili zote zilizomo zitaondolewa. Chini yake, vitufe viwili: Endelea, na Ghairi.

Hapo mtoto wa Pangani akakwama. Maneno ya juu hakuyasoma. Tangu lini yeye akasoma maneno ya juu? Alikwenda moja kwa moja kwenye vitufe. Endelea alikielewa. Ghairi hakuwahi kukutana nacho. Akalitamka taratibu, ghairi, ghali, na akili ikamfunguka: hicho ndicho cha kulipia. Wamekosea tu kuandika, wameweka R mahali pa L, Kiswahili cha watu wasiosahihishwa. Alicheka kwa dharau, akawaza hata kuwaandikia wenye windo awaelekeze. Mjanja gani ananunua cha ghali? Akabonyeza Endelea. Mashine ilipowaka upya, haikuwa na faili wala picha hata moja.

Jioni mkewe Fatu, aliyelelewa Ujiji na bibi yake, alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini.

"Ghairi ni kuacha jambo ulilokusudia. Kama ulivyoghairi kunipeleka Lamadi kwa dada yangu."

"Lamadi niliahirisha," Hilali akajibu, akaisukuma sahani pembeni. Mpaka leo akitaka kuwachekesha wateja hujiita Profesa Endelea. Siku ile hakucheka. Gilbert alihangaika na vifaa vyake hadi Alhamisi, akaokoa nusu ya kadi ya harusi na sikio la mtu ambaye si Mayunga.

Ijumaa Ng'washi alifika na kitenge kipya cha kuifungia picha. Hilali alikuwa ameandaa maelezo: umeme, virusi, mambo ya mtandao.

"Mwangaluka, ng'wanone," akamwamkia, kama mama anavyomwamkia mwanawe.

"Mwangaluka, mayu. Mayu, ile picha... kompyuta imeifuta."

Mama akaketi kwenye benchi. "Watu wanasema umeibadilisha, sasa inasema Kiswahili."

"Ndiyo."

"Haikukuuliza?"

Umeme na virusi vyote vikamtoka kichwani. "Iliniuliza, mayu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema iendelee."

Hakupiga kelele. Alikikunja kitenge upya, polepole, mpaka kikawa kidogo mkononi. Hilali alitamani mama amtukane.

"Basi andika," mama akasema hatimaye. "Kama hawamwoni, wasikie. Mchungaji atasoma."

Mama akasema, Hilali akaandika. "Mayunga alikuwa mfupi. Alikuwa anacheka kabla hajamaliza kusema, hatujui alitaka kusema nini. Mimi nilikuwa nakasirika. Ng'ombe alizipa majina, akiziita zinakuja. Siku amekufa zilirudi zenyewe, zikasimama nje, zinamngoja."

Vidole vya Hilali vilirudi kwenye zile ng'ombe kwa mazoea. Wanakuja. Wakasimama. Wanamngoja. Akavitoa kabla havijabadili chochote. Aliacha maneno kama mama alivyoyasema.

Printa ikatoa karatasi. Alipotaka kuifunga kazi, kompyuta ikauliza, na Hilali akalisoma swali lote kwa sauti, neno kwa neno: "Je, unataka kuhifadhi mabadiliko uliyofanya? Hifadhi. Usihifadhi. Ghairi."

"Hilo la mwisho ni nini?" Ng'washi akauliza.

"Ni kuacha, mayu. Mtu akibadili nia."

Mama akasogea, akakitazama kile kitufe kidogo.

"Na siku ile kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, mayu."

Mama akaichukua karatasi. "Hifadhi basi," alisema.