Kofia Iliyogoma Kuvulika Sebuleni kwa Mama Mkwe

Kila asubuhi nikiipiga pikipiki kiki tu, simu inaita.

"Mkwe, kichwani una nini?"

Hamna salamu, hamna mmeamkaje. Ni mama mkwe wangu, Bi. Siwema, anapiga kutoka Yombo, na mimi niko zangu Tandika. Najipapasa kichwani. Nina nywele tu.

"Kwa kweli mama, ndo nataka kuivaa hapa."

"Haya." Anakata.

Jamani, nilikonda. Huyu mama ananionaje?

Jina langu Mrisho, ila kijiweni naitwa Chogo, na ukiniona kwa pembeni huulizi kwa nini. Naendesha bodaboda. Helmeti ninayo, tena nyekundu nzuri, inakaa kwenye kioo cha pembeni. Nikimwona trafiki mbele naidaka, naichomeka kichwani bila kufunga mkanda. Nikishampita, inarudi kwenye kioo. Ukiniuliza nakwambia inanibana chogo.

Kwa hiyo katika Temeke nzima, hakuna kioo kilichokuwa salama kama changu.

Sasa mke wangu, Tatu, alikwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo kawaida yetu. Akajifungua salama, mtoto wa kike. Arobaini ikifika unaenda kumchukua mkeo na mwanao, mnarudi kwenu. Nilikuwa nishapaka chumba rangi.

Siku nilipokwenda kumwona mtoto, mama mkwe akaniambia mbele ya Tatu:

"Baba, mimi nimeshazika mume kwa pikipiki. Binti yangu hatoki hapa kwenda kwa mtu anayetembea kichwa wazi. Arobaini itapita, na miezi itapita."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Na simu zikaendelea. Kila asubuhi swali lilelile, na kila asubuhi najipapasa nywele.

Nikaenda kijiweni nimevimba. "Nani hapa anampelekea mkwe wangu taarifa?"

"Taarifa gani, za chogo?" akajibu Mapande, mshkaji wangu. "Hilo si linaonekana toka Yombo."

Wakacheka mpaka abiria wakakimbilia bajaji. Nikamshuku Mapande huyohuyo, nikahamia kijiwe cha mtaa wa pili. Kesho yake, napiga kiki, simu inaita.

Hapo nikaanza kuwaza majini. Nilifungua siti ya pikipiki natafuta hirizi. Nikakuta ganda la muwa na soksi yangu niliyokuwa nimeitafuta muda mrefu.

Mnasema si angeivaa tu yaishe? Hilo wazo halikunijia kabisa. Niliona kutafuta jini ni rahisi zaidi.

Arobaini ikafika. Nikapiga kanzu, nikawasha chombo hadi Yombo. Nilipofika kona ya nyumba yao nikasimama, nikatoa helmeti kwenye kioo, nikaivaa. Na siku hiyo, ili ukweni wote waone mwanaume makini, nikafunga na mkanda wa kidevuni. Ikalia klik. Nikajisikia mtu mzima.

"Hodi."

"Karibu mkwe. Mashallah, leo umevaa. Vua ukae, pilau inapoa."

Nikashika mkanda. Haufunguki.

Nikabonyeza huku, nikavuta kule. Wapi. Wazee waliokaa mkekani wananitazama. Jasho linaingia machoni.

"Mwacheni ale nayo," akasema mjomba wake Tatu. "Labda anaogopa paa la nyumba yetu."

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele yangu kabisa, mjukuu kampakata, na hawezi kunisaidia. Mama mkwe akushike kidevu? Utauficha wapi uso? Ikabidi Tatu aitwe kutoka chumbani. Akaja, akabonyeza kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

Bi. Siwema akasema polepole, "Mkwe, mtu anayevaa kitu kila siku, anashindwaje kukivua?"

Aibu ikageuka hasira, nikaropoka. "Mama, samahani, lakini nani anakuletea habari zangu?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa kisimu chake cha tochi, akampa Tatu. Tatu akasoma kwa sauti:

"Habari Mrisho. Umevaa kofia ngumu leo? Jibu NDIYO au HAPANA."

Mrisho ni mimi. Simu ni ya mkwe.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kuna watu wa mradi wa usalama barabarani walipita kijiweni wanagawa vizibao vya kung'aa. Ukitaka kizibao unaandikisha namba, watakutumia ujumbe wa kukukumbusha kuvaa kofia. Mimi mjanja wa mjini nikasema hawa watanisumbua. Nikaandikisha jina langu, namba nikaweka ya mama mkwe, ile pekee niliyokuwa naijua kwa kichwa kwa jinsi ninavyogombezwa nayo.

Jini lenyewe nililiandikisha mimi.

"Mimi sijui chochote, baba," akasema Bi. Siwema. "Waliniuliza, na mimi nikakuuliza. Ukianza na 'kwa kweli mama', nilikuwa nawajibu HAPANA."

Nyumba nzima ikaangua kicheko, hata mimi nikacheka. Nikaomba ile simu nijionee. Ujumbe wa mwisho ulisema asante kwa kushiriki, hatutatuma tena. Uliingia Tatu akiwa bado mjamzito.

"Mama, hawa mbona waliacha zamani?"

"Waliacha. Ilikuwa kazi yao, imeisha." Akamfunika mtoto miguu. "Siku ile baba Tatu anatoka na pikipiki, mimi sikumuuliza."

Nililia, na sioni haya kusema. Nililia na pilau mdomoni.

Mke sikupewa siku hiyo. Nilikaa peke yangu na chumba changu cha rangi mpya, nikijifunza kufunga na kufungua ule mkanda, mpaka siku Bi. Siwema alipojiridhisha. Nikawarudisha Tatu na mtoto nyumbani kwa bajaji.

Majuzi asubuhi nikapiga kiki, simu haikuita. Nikampigia mwenyewe.

"Shikamoo mama. Mbona kimya, unaumwa?"

"Marahaba. Chaji iliisha tu."

"Basi mama, leo najibu bila kuulizwa. Nimevaa, na mkanda nimefunga."

Nikakaa tayari kuitikia dua.

"Na abiria wako?"

Nikageuka nyuma. Dada wa watu ameketi, kichwani ana nywele tu.

"Kwa kweli mama..."

Ndugu zangu, ukiwa na mtu anayekuuliza kila siku kama kichwa chako kiko salama, usimtafutie uchawi. Anakupenda. Mjibu ukweli.

Na helmeti mnunue mbili. Mimi ya pili nimeinunua leo.