Makohozi ya Mama Mkwe

Adabu za watu wa Mohoro zitaniua mimi kabla moshi haujawaua wao.

Kazi yangu ni ya maabara, Kibiti. Siku hizi tunatafuta viashiria, yaani vile vitu vidogo ndani ya makohozi na damu vinavyoonyesha kwamba njia za hewa zimevimba kwa moshi wa kubanikia samaki, si kwa kifua kikuu. Tukivijua, mtu hatamezeshwa tena dawa za ugonjwa asio nao. Lakini viashiria vyangu havikai kwenye mate, na mate ndiyo ninayoletewa.

Nikiwa Mohoro, jioni nawaambia: kesho msisukutue, makohozi ya kwanza nileteeni mimi. Wanaitikia vizuri kabisa. Asubuhi wanakuja wameoga, wamepiga mswaki, kanga zinanukia udi, na kifuani hamna kitu. Wameshakohoa yote uani alfajiri na kuyafukia mchangani, maana mgeni hapokewi na kifua kichafu.

"Sasa mwanangu, niteme mbele yako, sina haya?" bibi mmoja aliniuliza, akanirudishia kikopo kikavu. Nilicheka, lakini kwa hasira.

Aliyenishinda kabisa ni mama mkwe. Amebanika samaki tangu usichana wake, kwa kuni za mikoko, katika banda lisilo na dirisha. Ametibiwa kifua kikuu mara mbili ingawa vipimo havikukiona, na mara zote mbili dawa zilimaliza nguvu zake, kikohozi kikabaki. Sikutaka apewe za mara ya tatu. Siku ya zamu yake ya kutoa makohozi, muuguzi niliyempanga aende kwake alipata dharura, nikaenda mwenyewe. Mke wangu alikuwa huko tangu juzi, amekwenda kumjulia hali mamake.

Mama mkwe alijitanda ushungi, akakaa pembeni mwa mkeka, uso kaupa ukuta.

"Mama, kohoa tu."

"Nimepata nafuu, baba. Leo sina hata chembe."

Jibu lake ni hilo hilo miaka yote. Mimi nilimjua kwa vikohozi viwili vitatu vya chini chini, kisha "niwie radhi, mkwe". Nikashindwa kujizuia, nikafoka. Mkwe wangu, nikamfokea! Nikasema barafu ya kuhifadhia makohozi inayeyuka, sikuja kula wali, na ni adabu gani hii ya kumficha ugonjwa mtu anayeutafuta. Akazidi kuvuta ushungi.

Mke wangu akanishika mkono, akanitoa nje, akanisimamisha nyuma ya ukuta wa udongo na kunionyesha kidole mdomoni. Kisha akarudi ndani.

"Ameshaondoka, mama," akasema kwa sauti.

Kikohozi kikaanza. Kilianza taratibu, kikapanda, kikamnyima nafasi ya kuvuta pumzi. Nikamsikia akipapasa ukuta, akiushika. Kikakatika ghafla, kukawa kimya hata nikataka kukimbilia ndani, halafu kikaanza upya, kibaya zaidi. Nimesikiliza vifua vingi katika kazi hii. Kibaya kama kile sikuwahi kukisikia, na Idi zote nimekula sahani moja na watu wa nyumba ile.

Mke wangu akatoka na kikopo, kimejaa. Nilikipokea kwa mikono miwili.

"Hivi ni kila siku?" nikamnong'oneza.

"Kila siku usipokuwepo."