Vyumba Vitatu vya Mirongo

Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi mbichi ya mafuta, hasira hunipanda kabla sijajua inatoka wapi. Mume wangu analijua hilo; akitaka kupaka milango hungoja nisafiri. Watu wengine harufu ile huwakumbusha Krismasi au nyumba mpya. Mimi hunikumbusha gesti moja ya Mirongo, mjini Mwanza, miaka ya tisini katikati, wakati kila mwenye ua na vyumba vinne aliamka asubuhi, akaandika neno "Gesti" ukutani na kujiita mfanyabiashara. Kila kitu kilikuwa ruksa siku hizo. Mitumba ilimwagwa barabarani, soda za makopo zilipangwa madirishani, na vibanda vya video vilipiga kelele mchana kutwa. Ndiyo miaka ambayo tajiri mmoja alizungushia mabati kipande cha ufuko wa ziwa, akaleta mashine za kuchezea watoto: farasi wa kuzunguka, vigari vya kugongana, na gurudumu kubwa lenye viti, ambalo ukifika juu kabisa, watu walisema, unaviona visiwa vyote mpaka Ukerewe. Watu walipaita Bembeani. Sisi tuliokuwa mbali tulilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, tukiogopa kwamba tukilitaja sana pangefungwa kabla hatujafika.

Kwetu ni Rorya, na baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa suruali iliyonyooshwa pasi hata siku ya kulima. Alitangaza mbele ya darasa zima, nami nimo humo darasani, kwamba nikiwa wa kwanza katika mtihani wa darasa la nne atanipeleka Mwanza nikapande lile gurudumu. Ahadi ni deni. Maneno hayo aliyaandika ubaoni yeye mwenyewe kila muhula, kwa chaki na kwa mwandiko wake wa kulala. Nilisoma mpaka macho yakaniwasha. Matokeo yalipotoka nilikuwa wa kwanza, tena niliwaacha wavulana wote nyuma, na baba akakosa pa kukimbilia. Lakini kwetu humchukui mtoto mmoja ukawaacha wenzake wakitazama vumbi la basi. Basi tukawa tisa: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto sita, wawili kati yao wavulana waliokwisha kuota ndevu. Ukiongeza mabegi, jogoo wa zawadi na mkungu wa ndizi, tulikuwa msafara wa kuhama.

Suala la kulala lilikuwa limekwisha kupangwa, au tulidhani hivyo. Dada yangu mkubwa, Adhiambo, alikuwa ameolewa Mkuyuni na Msukuma aliyeitwa Masanja, mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja cha samaki. Dada aliandika barua kwamba ameazima magodoro kwa majirani na tuje wote. Sasa, sisi Waluo tuna mwiko wetu: mzazi halali chini ya paa la mkwewe, na bibi ni mzazi maradufu. Kwa hiyo wazee watatu wangelala gesti, na sisi sita tungelala kwa dada. Mama ndiye aliyeupanga mpango huo akiwa jikoni, na ulikuwa mpango mzuri, wenye heshima na wenye unafuu. Baba aliukubali kwa kutikisa kichwa tu. Nilipaswa kujua tangu hapo kwamba mtu anayekubali kwa kichwa bila kufungua mdomo hajakubali.

Tulishuka stendi ya mjini adhuhuri, jua la Disemba likiwaka kati ya manyunyu mawili ya mvua. Dada Adhiambo alikuwa pale tangu asubuhi, mtoto mgongoni, kitenge kipya kiunoni. Alipiga magoti kuwasalimu wazee pale pale kwenye matope. Baba aliitikia marahaba, kisha akatazama nyuma ya dada, kushoto kwake na kulia kwake. Akauliza mumewe yuko wapi. Dada akaeleza kwamba yuko zamu, na kwamba mtu akikosa zamu moja pale kiwandani anakuta nafasi yake imechukuliwa, maana getini watu wanalala wakisubiri mwenzao augue. Atakuja jioni akishavua magwanda. Mimi niliyekuwa na miaka kumi nilimwelewa vizuri sana. Baba, aliyekuwa na cheti cha ualimu, hakumwelewa.

"Mke hapokei wakwe stendi," alisema. "Mume ndiye anayekuja kubeba begi la mkwewe. Asiyeweza kubeba begi langu hawezi kulaza wanangu."

Mama alijaribu. Alisema watoto hawana mwiko wowote, wao ni wageni wa dada yao. Bibi, ambaye ningetegemea awe na huruma, alisema mwanawe amesema kweli, akafunga kanga yake upya. Dada alishika begi la baba alibebe yeye, baba akalivuta. Walivutana begi mbele ya wauza karanga na wapiga debe, na watu wakasimama kutazama. Niliona aibu, lakini zaidi niliona chuki, nilitaka begi lile lipasuke na suruali zote zenye pasi zianguke kwenye matope. Halikupasuka. Tukaanza kutafuta gesti ya watu tisa.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hesabu ya vyumba kwetu haikuwa ya vichwa, ilikuwa ya miiko. Bibi hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe aliye na mke. Wavulana wenye ndevu hawawezi kulala na mama yao, wala na dada zao. Kwa hiyo hata tungekonda namna gani, tulihitaji vyumba vitatu: baba na mama, bibi na sisi wasichana, na wavulana. Gesti ya kwanza ilikuwa na chumba kimoja. Ya pili ilikuwa na viwili, na mwenyewe alitushauri kwa upole tulaze wavulana kwenye veranda. Baba akamtazama mpaka yule mzee akaomba radhi. Hosteli ya kanisa ilikuwa imejaa wageni wa kwaya. Tulipanda na kushuka vilima vya mawe, jogoo akitapatapa, dada akitufuata hatua chache nyuma, mtoto mgongoni akilia, naye akirudia kwamba chakula kiko tayari. Alikuwa amepika sato wa watu tisa. Hakuna aliyemjibu, na mimi pia sikumjibu, jambo ambalo sijajisamehe. Mwenye njaa hana miiko, wanasema. Waliosema hivyo hawakumjua baba yangu.

Gesti ya Mirongo ilikuwa mpya kabisa, imepakwa rangi ya waridi mpaka kwenye bomba la maji, na rangi yenyewe haijakauka. Mwenye gesti alikuwa mama mnene aliyekaa kwenye kiti mlangoni akichambua mchele, na hakuinuka. Alituhesabu kwa kidole. Akasema chumba ni watu wawili. Mama akasema wale wanne ni watoto tu. Yule mama akapuliza pumba kwenye ungo.

"Hapa ni gesti, Mwalimu, si bweni," alisema. "Na mtoto naye ni mtu. Akilala analipiwa."

Sijui alijuaje kuwa baba ni mwalimu. Nadhani walimu walifahamika kwa viatu. Baba hakubembeleza. Angeweza kugeuka, dada alikuwa amesimama pale pale getini na nyumba yenye magodoro yaliyoazimwa. Badala yake alitoa bahasha aliyokuwa ameifunga kwa uzi, ile ambayo tangu nyumbani tuliambiwa ni ya Bembeani, akalipia vyumba vitatu na nyongeza ya kila mtoto aliyezidi. Niliutazama uzi ukifunguliwa na nikajua. Chumbani kwetu nilikaa kwenye kona nikaegemea ukuta, na gauni langu la sherehe, jeupe, likashika rangi ya waridi mgongo mzima. Mama alinipiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu mwingine, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Kesho yake tulikwenda Bembeani hata hivyo, kwa miguu, mabegi na jogoo mikononi, maana gesti tulikuwa tumelipia usiku mmoja tu. Baba alisema mtu aliyesafiri toka Rorya hawezi kurudi bila kuona. Kuona ndicho tulichofanya. Tulisimama nje ya mabati, mahali ambapo bati moja lilikuwa limekunjwa na watoto wa mjini, na tukatazama kwa zamu. Muziki ulipigwa kwa vipaza sauti. Gurudumu lilikuwa kubwa kuliko nilivyoota, lilipanda taratibu, likawainua watoto waliovaa viatu vyeupe, likawaonyesha ziwa na kuwarudisha chini. Kaka zangu walijifanya hawataki. Mdogo wetu wa mwisho aliuliza mlango uko wapi, akanyamazishwa na bibi.

Shemeji Masanja alitufikia hapo akitokea zamu, hata hakupita nyumbani. Mikono yake ilinuka samaki na buti zake za mpira zilikuwa na magamba. Dada alikuwa nyuma yake. Masanja akainama, akasema shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo bibi, kisha akatoa mfukoni tiketi sita na kuzishika kwa mikono miwili. Aliomba msamaha wa jana. Alisema waliiunganisha zamu yake mpaka asubuhi, hakuwa na namna, na kwamba hizi ni za watoto. Niliziona tiketi zile, za kijani, zimelowa kidogo pembeni. Yangu ilikuwa mojawapo.

Baba aliitikia marahaba akitazama ziwani. "Jana nilikuwa stendi na watoto sita," alisema. "Hukuwaona. Leo umewaonea wapi?"

Hakuna mtoto wa kwetu aliyemjibu baba mbele ya mkwe. Mimi nilimjibu. Nilisema, "Baba, mimi nilikuwa wa kwanza." Nilisema kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Baba hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Alisema mwakani nitakuwa wa kwanza tena, akaokota jogoo wetu, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amepewa mtu, akaanza kutembea kuelekea stendi. Mama akamfuata, bibi akamfuata. Masanja alibaki ameshika tiketi kwa mikono miwili vile vile. Nilipogeuka mara ya mwisho dada Adhiambo alikuwa ameketi chini kando ya mabati, amejifunika uso kwa kile kitenge kipya.

Mwaka uliofuata sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa tisa, kwa makusudi, na baba alilijua hilo. Bembeani ilifungwa, mashine zikauzwa kwa chuma chakavu. Dada hakukanyaga Rorya tena mpaka siku ya mazishi ya baba, na alikuja na Masanja, aliyebeba mabegi yote peke yake. Pale kaburini watu walimsifu marehemu kwa msimamo. Mimi nilikaa kimya, maana nilijua bei ya msimamo ule na nilijua aliyeulipia.

Siku hizi Mwanza ina hoteli za ghorofa hadi kwenye miamba, na kuna bustani za maji zenye mabomba ya kuteleza. Simu inakuuliza watu wazima wangapi na watoto wangapi, na ukiandika tisa inakujibu kwa adabu yale yale aliyoyasema mama wa mchele. Binti yangu ameolewa Nyegezi. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia, mama, leta wadogo zangu wote likizo hii, nitawapeleka wakateleze, vyumba vipo, gesti ya nini? Nilifurahi kweli. Nilisema mambo ya miiko tuliyazika na wazee, nitalala kwake na wadogo zake wote. Miaka yote hii nimejiapiza kwamba sitakuwa mtu yule. Kisha, kabla hajakata simu, nikasikia sauti yangu ikimuuliza kama mumewe atakuja mwenyewe stendi kunipokea.