Zakayo wa Tanuri la Gerezani

Pale Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, palikuwa na kiwanda kidogo kilichoishi kwa uchafu wa magari ya mji mzima. Oili nyeusi waliyoimwaga mafundi wa gereji ililetwa pale kwa mapipa, ikasukumwa ndani ya mabomba yaliyopita katikati ya tanuri la moto, ikatoka imechemka na kuingia kwenye mnara mrefu wa chuma. Humo mnarani nyepesi ilipanda, nzito ikashuka, na katikati ikapatikana oili safi ya kuuzwa tena. Shughuli yote ilisimama juu ya jambo moja: oili itoke tanurini ikiwa na joto la digrii mia tatu na thelathini. Ikipungua, haijitengi. Ikizidi, inaungua. Mwenye dhamana ya joto hilo alikuwa Zakayo.

Zakayo alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mwenye miaka sitini na miwili, na ishirini na mitatu ya mwisho aliimaliza mbele ya moto ule. Hakusomea popote. Alijifunza kwa kuungua, na mikono yake ilikuwa cheti tosha. Tuseme ukweli, alikuwa na kiburi, kile cha mtu anayejua jambo moja na kulijua vizuri. Ukimwambia asome maelekezo, alikuuliza kama mama yako alisomaga karatasi ndiyo akasonga ugali.

Watu wengi walimwona mkali. Aliyemuweza alikuwa mmoja tu, Kitwana, Mzaramo wa Kisarawe, aliyezunguka gereji hadi gereji na guta lake la magurudumu matatu kukusanya oili chafu. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na wawili hawa walikuwa hawaanzi siku bila kutukanana.

"We Mnyamwezi, bado uko hapa? Nilijua umeshabebeshwa mzigo umefika Kigoma!"

"Ningefika wapi, na nyie Wazaramo mmefunga njia kwa ngoma? Hebu shusha hayo mapipa kabla hujasikia mdundo ukaniachia kazi."

Wafanyakazi wenzao walicheka, chai ikanywewa, tanuri likawashwa. Kwa miaka kumi na saba mambo yalikwenda hivyo.

Mwezi wa kwanza mwaka ule, waya iliyotoka kwenye kipimajoto cha tanuri hadi chumba cha mita iliungua. Waya ya namna hiyo si ya umeme wa kawaida. Ina rangi zake na tabia zake. Ile ya zamani ilikuwa ya kijani na nyeupe. Zakayo akaingia maduka ya Gerezani, akapata nyingine inayofaa, ila hii ilikuwa ya njano na nyekundu. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa vizuri. Akaifutia mikono.

Akaunga nyekundu kwenye chanya. Na nani Bongo hii angeunga vinginevyo? Betri ya gari nyekundu ni chanya, redio nyekundu ni chanya, sola nyekundu ni chanya. Fundi yeyote wa Gerezani ukimwamsha usingizini atakujibu hivyo huku amefumba macho. Lakini waya ile ilitengenezwa kwa utaratibu wa nchi nyingine, na kwao nyekundu ni hasi. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi.

Tangu siku ile joto likagoma. Mita ilisoma mia mbili na themanini, siku nyingine mia mbili na sabini. Zakayo akaongeza moto. Asubuhi mita ilijitahidi kidogo, jua likipanda ikashuka tena. Akasafisha vichomeo kimoja kimoja. Akapima hewa ya bomba la moshi, akafungua chujio la pampu. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Akachungulia tanurini kupitia tundu la ukaguzi, akaona mabomba yana wekundu ambao hakuupenda hata kidogo, wekundu wa chuma kilichochoka. Moyo ukamwambia: Zakayo, humu mna moto mwingi, si mdogo. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, na la kulia nalo lilikuwa njiani. Akajiambia kwamba macho yamezeeka ila mita haijazeeka, akaongeza moto tena.

Oili ikaanza kutoka mnarani ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuungua. Wateja wakairudisha. Ndipo Hashimu, mwenye kiwanda, akaja kusimama nyuma yake mikono mfukoni.

"Mzee Zakayo, wiki ya tano hii. Tatizo nini?"

Hapo ndipo alipoharibu. Angeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni jepesi, lakini kwa mtu wa miaka ishirini na mitatu kazini lilikuwa zito kuliko pipa. Akasema, "Oili inakuja na maji, bosi. Maji yanakula moto wote."

Hashimu hakutaka maneno mengi. Akaagiza kikaango kiwekwe kwenye jiko, akadondoshea oili kutoka pipa la Kitwana. Kikaango kikalia, cha-cha-cha, dalili ya maji. Sasa, hakuna oili chafu duniani isiyolia kidogo ikidondoshewa kikaangoni, maana injini zenyewe zina unyevu. Zakayo alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akanyamaza.

Kitwana akaitwa. Akaonyeshwa kikaango, akaambiwa amekuwa akiongeza maji ili mapipa yajae. Kwanza akacheka, akidhani kuna utani umepangwa. Kisha akageuka kumtazama Zakayo, akimngoja aseme. Zakayo akatazama ndala zake. Kitwana akasukuma guta lake nje ya geti, na wenzake wakapisha njia bila kumuaga.

Zakayo alijipa moyo kwamba bosi atapoa na mtani wake atarudi baada ya siku mbili tatu. Lakini Gerezani habari hukimbia kuliko basi la mwendokasi. Jioni ile ile mafundi walishamwita Kitwana Maji. Wiki iliyofuata wanunuzi wengine wa oili walikuwa wakimfukuza kabla hajafungua mdomo. Mkusanya oili hana duka wala leseni ya kutundika ukutani. Mtaji wake ni jina, na jina lilikuwa limekwisha. Guta likauzwa. Kitwana akaenda Mchikichini kubeba marobota ya mitumba, na umri wake ulikuwa umeshapita hamsini.

Kiwandani oili ikaletwa na watu wengine. Joto likabaki vilevile. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza, lakini Zakayo alijipa jibu rahisi, kwamba siku hizi wote wanachanganya maji.

Mwezi wa nne masika ikashuka. Siku moja mchana mvua ilipiga mabati mpaka watu hawasikilizani. Bati moja lilikuwa na tundu, maji yakadondokea kile kiboksi cha chuma ubavuni mwa tanuri ambamo waya zilikuwa zimeungwa. Zakayo alikuwa mbele ya mita. Akaiona inapanda. Mia mbili na sabini na tano, mia mbili na tisini, mia tatu na ishirini. Hakuna aliyegusa moto.

Akasimama ameduwaa. Mvua inapoza, haipashi. Akatafuta tambara, akalilowanisha, akalifunika kwenye kiboksi. Mita ikapanda zaidi. Akaliondoa, akangoja chuma kikauke na kupata moto. Mita ikashuka. Akarudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ameshaelewa. Mita haikuwa ikisoma oili peke yake. Ilikuwa ikiondoa joto la kile kiboksi kwenye hesabu yake, na kitu pekee kinachoweza kuifanya mita iwe mwehu namna hiyo ni waya zilizogeuzwa.

Akafungua kiboksi, akazibadilisha. Akaenda chumba cha mita, akazibadilisha na huko. Mita ikatulia, ikasoma mia tatu na themanini na tano.

Akakaa chini sakafuni. Miezi mitatu oili ilikuwa inaungua ndani ya mabomba, na kila alipoongeza moto alikuwa anaiunguza zaidi. Maji hayakuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichokila kiwanda kilikuwa kimeungwa kwa mikono yake mwenyewe, na nyekundu yake ya kila siku.

Tanuri likazimwa. Walipokata bomba la kwanza walikuta ukoko mweusi, mgumu kama wa sufuria ya wali iliyosahauliwa, umeziba mpaka kidole hakipiti. Mabomba mengine yalikuwa yamevimba matumbo. Yalikuwa hayatengenezeki, na mapya Hashimu hakuwa na fedha za kuyanunua, kwa hiyo kiwanda kikafungwa. Zakayo akamweleza kila kitu, waya, rangi, karatasi, na kwamba Kitwana hakuwa na kosa.

Hashimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. "Sasa nimrudishe aje kusukuma mapipa kuyapeleka wapi, mzee? Hilo usiniambie mimi. Kamwambie mwenyewe."

Akamkuta Mchikichini, amekaa juu ya robota, anakula mihogo ya kukaanga. Mabega yalikuwa yameshuka. Alipomwona Zakayo uso ukachangamka, maana utani una nguvu zake.

"Mnyamwezi! Umekuja kudai kazi yenu? Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, nami nimeubeba, mnipe na kabila lenyewe!"

"Kitwana, mimi ndiye niliyekufukuzisha. Oili yako haikuwa na maji. Niligeuza waya."

Kitwana akacheka mpaka muhogo ukampalia. Akawaita wenzake. "Jamani, njooni mmsikie mtani wangu! Anasema kageuza waya!"

"Sitanii," alisema Zakayo. "Kitwana, sitanii."

Wabeba mizigo wawili waliokuwa wanakuja wakasimama, kisha wakarudi walikotoka. Zakayo akaeleza tena, polepole. Kitwana alisikiliza akiwa ameushika muhogo bila kuula. Alipouliza, aliuliza jambo moja tu.

"Siku ile ya kikaango. Ulijua kwamba oili chafu yote inalia?"

Zakayo alitamani kudanganya. Aliona kabisa ulipo uongo wenyewe, mfupi na mwepesi.

"Nilijua."

Kitwana akatikisa kichwa taratibu. "Ya waya ningekusamehe hapa hapa. Waya hata mimi ningeunga hivyo. Lakini ya kikaango..." Hakuimalizia. Akafunga mihogo yake kwenye gazeti, akainuka, akainama chini ya robota linalofuata.

Zakayo hakukata tamaa mara moja. Alizunguka gereji zote za Gerezani, akasimama mbele ya mafundi walioweza kuwa wajukuu zake, akasema, "Kitwana hakuweka maji. Kosa ni langu." Wakamjibu kwa adabu: "Sawa mzee, tumekusikia." Keshokutwa yake akiwa anapita barabarani akawasikia wanasimuliana habari za Kitwana Maji, aliyehamia Mchikichini. Jina la mtaani halina ofisi ambako mtu anaweza kwenda kulifuta. Alirudi tena mwezi wa sita, na wa saba. Mafundi wakaanza kumkwepa, wakisema mzee wa kiwanda kile kilichofungwa amechanganyikiwa.

Mwezi wa nane mkewe Severa alifariki. Msiba ukawekwa nyumbani Ilala, turubai likafungwa, ndugu wakashuka kutoka Urambo. Na wewe unajua mtani ana haki zake msibani. Hulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu, huiga mwendo wa marehemu na sauti yake, huwacheka wafiwa usoni mpaka wacheke na wao, na hiyo ndiyo inayomfanya mtu aweze kuzika. Ndugu wote waliomjua Kitwana walikuwa wakimngoja. Walishaweka akiba ya sabuni na jogoo wa kumkomboa marehemu mikononi mwake.

Kitwana alikuja. Alivaa shati safi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Akakaa nyuma kabisa, kwenye viti vya plastiki, kati ya majirani. Jeneza lilipotolewa hakulizuia njia. Makaburini akasimama pembeni, akatupa udongo wake kwa zamu. Mwisho akaja kwa Zakayo, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mzee. Mungu awape nguvu."

Akaondoka na wageni wengine. Sofia, dada yake Zakayo, akamfuata kwa macho hadi alipopotelea getini.

"Kaka, yule si ndiye mtani wako uliyekuwa unatusimulia?"

"Hapana," alisema Zakayo. "Yule tulifanya kazi pamoja tu."